Ekzosi ya Pili ya Pijo

Jumanne, 1 Julai 2025

Moyo umevimba. Daktari Theopista kanionyesha picha yake: kitu kama boga lililolaliwa na gunia. Amekataza kukimbia, kubeba mzigo, kukasirika na kufurahi kupita kiasi. Nikamuuliza kimebaki nini. Dawa kwa wakati, akasema. Binti mzuri, mtu wa Bukoba, hana mzaha hata chembe.

Umri wangu miaka sabini na saba. Nimefundisha hisabati hapa Kibiti mpaka nikastaafu. Daftari hili naliandika kwa ukweli mtupu. Muda wa kuandika uongo sina tena.

Naanza na kubwa lao.

Agosti 1973. Mimi na rafiki yangu Zaidi tulimtaka msichana mmoja: Hajira, binti wa Muhoro, ng'ambo ya mto. Zaidi alikuwa bwana ushirika na alikuwa na gari, Pijo 404 nyeupe, aliyoinunua kwa daktari wa Kizungu aliyerudi kwao. Mimi nilikuwa na baiskeli. Barua zetu za posa zikasafiri siku moja bila sisi kuambiana. Tukakutana kwenye foleni ya kivuko pale Ndundu! Yeye na wazee wawili ndani ya gari, mimi kwenye baiskeli, mjomba wangu nyuma kwenye keria. Wakazima gari, wakaenda kuswali adhuhuri. Mjomba akawafuata. Mimi nikasema nabaki kulinda baiskeli.

Chini ya mnazi palikuwa na kidaka, nazi changa iliyodondoka kabla ya wakati wake. Nikatazama unene wake. Nikatazama tundu la ekzosi. Sawasawa! Nikakisukumiza ndani kwa ufito mpaka kikapotea.

Gari halikuwaka. Kivuko kikaondoka na baiskeli. Alasiri barua yangu ilikuwa mkononi mwa baba yake Hajira, nasi tu mke na mume mwaka wa hamsini na mbili huu. Kesho yake walilisukuma gari, likawaka kama kawaida. Kidaka nadhani kiliruka kichakani, hakuna aliyekiona. Zaidi akaamini gari lina nuksi. Mwaka uliofuata akaliuza. Nani akalinunua? Mimi.

Hakuna anayejua. Hata Hajira. Juzi nilimuuliza Sheikh Idrisa, imamu wetu, kwa niaba ya "mtu mmoja". Akasema aliyemkosea mwanadamu mwenzake hana njia ya mkato: aende kwake, alitaje kosa kwa jina lake, aombe radhi kabla hajafa. Akaongeza kwamba huyo mtu mmoja afanye haraka, maana kikohozi chake kinasikika mpaka kwenye mimbari.

Jumatano, 2 Julai

Nimepata njia! Huwezi kumwendea mtu mikono mitupu ukamwambia uliziba ekzosi yake. Lazima alainishwe kwanza. Nitamrudishia Zaidi Pijo yake. Niliharibu ekzosi moja, nitarudisha mbili. Hesabu safi kabisa. Akishaanza kulia kwa furaha, nitaichomeka habari ya kidaka katikati ya shukrani zake, haraka, kabla hajafuta machozi.

Nimekwenda kwa Remigius, fundi wa kuchomelea karibu na stendi. Mtu wa Ngara, mpole, anatazama chuma kama daktari anavyotazama ulimi. Akalizunguka gari mara mbili. Akasema Mwalimu, injini hii ina njia moja ya moshi, bomba la pili litapata wapi moshi wake? Nikamwambia tutaugawa. Akauliza kwa faida gani. Nikachukua kijiti, nikamchorea chini mgandamizo wa gesi, dakika ishirini. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema amewahi kuona ekzosi mbili kwenye magari ya vijana wa Dar, lakini wale hutaka kelele tu, tena ni watu wenye mioyo mizima.

Hajira kauliza kwa nini mtu anayeaga dunia anatengeneza gari. Nikasema siagi, natengeneza. Akasema basi nianze na mlango wa choo.

Ijumaa, 4 Julai

Pigo. Bomba la unene unaofaa halipo Kibiti nzima. Remigius kauliza mpaka Ikwiriri. Yaliyopo ni ya maji, membamba kama miguu yangu.

Ila yapo mabomba mawili mazuri sana. Marefu, mazito, yamenyooka. Yamo stoo kwangu. Ni ya msikiti. Waumini walichangia jeneza jipya la chuma, na haya ndiyo mikono yake ya kubebea. Mimi ndiye mtunza vifaa wa kamati. Ufunguo ninao mimi.

Nimekaa kitini stoo, nikafikiri kisomi. Jeneza la zamani bado lipo, la mbao, linalia tu kidogo. Mtaani kwetu hakuna mgonjwa wa kutisha isipokuwa mimi. Na mimi siwezi kufa kabla sijamwona Zaidi, maana ndiyo maana yote ya kazi hii. Kwa hiyo bomba moja halitahitajika kwa sasa. Nitaliazima. Kutoka kwa mtunza vifaa. Ambaye ameridhia.

Remigius kauliza bomba nimelipata wapi. Nikasema lilikuwa nyumbani. Kweli tupu!

Jumapili, 6 Julai

Zimefungwa! Mbili! Moja kulia, moja kushoto, zinang'aa kama buti za askari wa gwaride. Nimezunguka nyuma ya gari mara nyingi kuliko moyo wangu unavyoruhusiwa.

Tukawasha. Mwanzoni moshi ukatoka kulia tu. Remigius akainama, akachungulia tundu la kushoto. Nikamwambia akanyage mafuta. Akakanyaga. La kushoto likapiga chafya, likatema masizi kwenye kanga za Hajira zilizoanikwa, kisha yote mawili yakanguruma. Ardhi ikatetemeka. Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Akina mama watatu wakatokea na mpunga vichwani, wakidhani mashine ya kukoboa imefunguliwa mtaani.

Hajira katoka na kanga zake mkononi. Kasema, "Baba Hafsa, gari limeanza kukohoa kama weye." Ananiita hivyo kwa jina la binti yetu wa kwanza hata akiwa na hasira. Akiacha kuniita hivyo ndipo nitakapoogopa.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Nilipanga kwenda peke yangu kwa Zaidi, kule Umwe. Remigius angeendesha, maana macho yangu hayana tena uhakika na lami. Siri yangu, aibu yangu. Kosa la hesabu: huwezi kumtoroka mke kwa gari linalosikika mpaka Bungu. Tulipowasha, Hajira alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na baibui lake na kapu la chapati. Kasema na yeye ni muda mrefu hajamwona Zaidi.

Njia nzima hatukusikilizana. Remigius alikuwa akiniambia kitu kuhusu joto la bomba la kushoto. Niliitikia "haswa, haswa".

Zaidi amezeeka vibaya. Jicho moja limefunga, la pili linaona kivuli. Alikuwa kibarazani na bakora yake. Akasema hiyo trekta imekuja kulima nini. Nikamshika mkono, nikamwongoza nyuma ya gari, nikampapasisha. Akagusa la kwanza. Akagusa la pili.

"Mbili?"

"Mbili."

"Ya pili ya nini?"

"Ya kwako. Nakurudishia Pijo yako, Zaidi."

Hakulia kwa furaha. Alikaa chini, palepale, kwenye bampa. Hajira alikuwa ndani na mke wa Zaidi. Wakati wangu! Nikavuta pumzi. Zaidi akaniwahi.

Akasema, "Kibwana, mimi nitakufa na jambo lako." Kwamba aliponiuzia gari alijua lina nuksi. Alitaka linizimikie njiani, mke wangu akiwa ndani, Hajira ajue kachagua nani. Amelibeba jambo hilo miaka yote na anaona haya kunitazama. Tena si mimi tu. Gari lile asubuhi ya posa lilihudumiwa na mdogo wake, Fikirini. Lilipogoma kivukoni, Zaidi alimwambia mbele ya wazee kwamba ametia maji kwenye petroli makusudi, kwa kijicho, na ndiye aliyelitia gari nuksi. Fikirini aliapa. Hakuna aliyemwamini. Akahamia Salale, huko deltani, anavua kamba. Hawajasemeshana mpaka leo. Zaidi akanishika magoti na kuniomba radhi.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilikuwa ni kuingia tu.

Nikamsamehe! Ndiyo. Mimi. Kwa sauti ya khatibu, mkono wangu juu ya kichwa chake. Kisha nikasema tusameheane, kwa tunayoyajua na tusiyoyajua. Akaitikia amina. Nikamwambia arudie mara tatu, isije ikabaki shaka.

Gari amelikataa. Kasema nuksi ikishatoka nyumbani haikaribishwi tena. Tumerudi nalo. Nimelala mchana fofofo kama mtoto aliyenyonya.

Jumatano, 9 Julai

Sheikh Idrisa kapita kunijulia hali. Nikamwambia yule mtu mmoja amesamehewa. Akafurahi. Akauliza alilitaja kosa? Nikasema walisameheana ya kujua na ya kutojua. Akauliza aliyesamehe alikuwa anajua? Hapana. Na aliyesamehewa? Huyo ndiyo. Akapiga tasbihi yake punje tatu nne.

"Hiyo ni hila, Mwalimu."

Nikasema nitamfikishia mtu mmoja. Akasema mfikishie na hili: kama kwa ajili ya kosa hilo kuna mwingine anayelaumiwa, basi kila siku anayokaa kimya analitenda upya. Mimi sikumwambia habari za Fikirini. Alijuaje? Nadhani hakujua. Imenichoma zaidi.

Alipofika mlangoni akakumbuka jambo dogo. Jeneza la mbao jana lilipasuka mkono wakati wa kuoshwa. Remigius ameambiwa aunde jipya kesho asubuhi, kwa hiyo niyatoe yale mabomba mawili.

Mawili.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi kamati nzima uani kwangu. Nimetoa bomba moja. Nikasema la pili lipo kwenye matengenezo. Mzee mmoja kauliza bomba hutengenezwa nini. Remigius, Mungu amhifadhi, alikuwa anatazama bomba nililotoa. Kisha akageuka polepole, akatazama nyuma ya Pijo. Kisha akanitazama mimi. Aliponiuliza "Lilikuwa nyumbani, Mwalimu?" watu saba waligeuza shingo pamoja.

Nimekiri. Nikawaeleza kwamba liliazimwa kwa jambo la kheri. Wakauliza jambo gani. Nikasema la kiroho. Hajira alikuwa dirishani. Alikohoa.

Limefunguliwa. Lile la kushoto, lenyewe. Limeungua rangi, jeusi, na Remigius alikuwa amelitoboa matundu mawili ya skrubu. Amelikata kwa kipimo, ameliziba, amelichomelea, amelipaka rangi ya kijani. Jeneza limependeza. Kamati imenivua utunza vifaa. Hajira kasema mtu wa kwanza kubebwa na ekzosi yake mwenyewe katika wilaya hii nitakuwa mimi.

Pijo imebaki na tundu wazi upande wa kushoto. Inanguruma kuliko ilipokuwa na bomba.

Kifua kinabana. Nimekunywa dawa mbili badala ya moja. Mtu akivuliwa funguo mbele ya watu anajiona mdogo. Nimemwaza Fikirini mbele ya wale wazee, anaapa na hakuna anayemwamini. Mimi angalau nilikuwa nimeiba kweli.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimekwenda Umwe. Sikutaka kulala tena na jambo hili. Remigius kaendesha, Hajira kiti cha nyuma, kama kawaida bila kualikwa. Sikumzuia.

Zaidi alikuwa kibarazani. Nikakaa mkekani, chini yake. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kurasa mbili. Nilipofungua mdomo ikatoka sentensi moja. "Zaidi, mimi ndiye niliyeziba ekzosi yako kwa kidaka, pale Ndundu, mlipokwenda kuswali."

Kuku walikuwa wakipekua uani.

Akauliza kilikuwa kikubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akavisogeza vidole vyangu karibu na jicho lake linaloona, akavitazama.

"Kitu hicho ndicho kilichonitenga na mdogo wangu?"

"Hicho."

"Na Jumatatu, nilipokushika magoti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akanichapa bakora ya muundi. Moja. Haikuuma sana, maana yeye mwenyewe alikuwa analia. Mimi pia. Wazee wawili wazima! Remigius akaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Zaidi alipotulia akasema sehemu yake amenisamehe, kwa kosa lililotajwa, duniani na akhera. Nikaanza kushukuru. Akainua bakora. Kasema hajamaliza. Sehemu ya Fikirini si yake kuitoa. Niende Salale mwenyewe, nimwambie Fikirini kwa kinywa changu, kisha nimletee Zaidi majibu, maana yeye ataomba radhi zake baada ya zangu. Kasema, "Ukifa kabla hujafika Salale, Kibwana, huko mbele nitakusubiri na bakora hii hii."

Ndipo nilipomwona Hajira mlangoni na sinia la wali. Lilikuwa limesimama hewani. Amesikia yote.

Kutoka Umwe mpaka Kibiti hakunisemesha. Si kwamba ingesaidia, kwa tundu lile.

Jumamosi, 12 Julai

Chai imewekwa mezani bila neno. Uji umewekwa bila neno. Saa nne hivi nikashindwa. Nikamwomba Hajira radhi. Nikasema nilimpata kwa wizi, na kwamba kama isingekuwa kidaka, leo angekuwa mke wa bwana ushirika.

Akaacha kuchambua mchele. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba kwao walikuwa wanapokea posa kama mbio za magunia. Barua ya Zaidi ilifika kesho yake asubuhi. Baba yake alikuwa hajaifungua hata yangu. Akaziweka zote mbili juu ya kabati, siku tatu. Siku ya nne akamwita Hajira, akampa zote azisome. Ya Zaidi ilikuwa na mwandiko mzuri. Ya kwangu ilikuwa na doa la mafuta ya mnyororo wa baiskeli, na nilikuwa nimekosea jina la kijiji.

"Nikachagua yenye doa," kasema.

Nikauliza kwa nini. Kasema alinionea huruma.

Miaka hamsini na miwili! Kwa hiyo kidaka hakikufanya kazi yoyote. Hakuna kitu nilichoshinda kwacho. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumfukuza Fikirini kwa ndugu yake. Nimekaa na wazo hilo mpaka adhuhuri. Zito. Daktari Theopista hakulitaja kwenye orodha yake ya mizigo.

Alipopita na ungo nikamsikia akisema, "Baba Hafsa, uji unapoa." Kwa hiyo bado niko salama.

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka mwepesi. Nimeazimia. Salale! Gari mpaka Nyamisati, kisha mashua. Hajira anasema twende kesho maji yakijaa, niseme sentensi yangu moja kama niliyoisema Umwe, turudi. Sheikh Idrisa anasema hivyo hivyo. Zaidi katuma ujumbe kuuliza kama nimeshaondoka.

Nitakwenda. Kukiri nitakiri. Ila nimefikiri. Yule mtu ameishi kwenye mikoko zaidi ya miaka hamsini kwa ajili yangu. Nimwendee mikono mitupu? Itakuwa ukatili. Lazima alainishwe kidogo kwanza.

Nimeuliza wavuvi waliokuja gulioni. Mashua ya Fikirini ina mashine moja. Moja! Ndogo, tena ya zamani. Na hapa uani kwangu imekaa Pijo ambayo Zaidi ameikataa, ina injini nzima yenye pistoni nne, haina kazi. Nimechora. Inaingia vizuri tu nyuma ya mashua, ukikata mbao mbili tatu.

Nimemtumia Remigius salamu aje jioni na mkanda wa kupimia. Amejibu kwamba ana homa. Jana alikuwa mzima kabisa. Nitamfuata mwenyewe.

Wote wananihimiza niwahi. Nitawahi, inshallah, fundi akishamaliza.